Kitabu cha Fizikia na Mwanafunzi Asiyefundishwa Kukisoma

Hotuba kwa walimu wa fizikia wa shule za sekondari Tanzania

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule, wathibiti ubora mlioacha kazi zenu kuja kutusikiliza, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioripoti vituoni mwaka huu: nawasalimu nyote.

Mmeniomba nizungumzie swali ambalo kila mtu hulijibu haraka: je, kitabu cha kiada kinamsaidia mwanafunzi kujifunza fizikia? Mzazi atasema ndiyo, na ndiyo maana anajinyima ili akinunue. Mkuu wa shule atasema ndiyo, na atakufungulia daftari la stoo uone idadi. Mimi nimefundisha somo hili miaka mingi, na jibu langu ni kwamba kitabu humsaidia anayejua kukisoma. Kusoma kitabu cha fizikia ni ufundi, na ufundi huo shule zetu nyingi hazimfundishi mtoto hata siku moja. Tunamkabidhi kitabu, tunamwandika jina kwenye orodha, tunamwambia "kasome". Mwaka unaisha kitabu kinarudi stoo kikiwa safi, nasi tunamsifu kwa kukitunza.

Sikuja hapa kupiga vita vitabu. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa hiyo naanza na ushahidi ulio upande wao. Miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, serikali ya Ufilipino iliamua kupeleka vitabu mashuleni kwa wingi. Mahali ambapo watoto 10 waligombania kitabu kimoja, pakawa na kitabu kimoja kwa watoto 2. Stephen Heyneman na wenzake walifuatilia matokeo, wakayachapisha mwaka 1984: alama zilipanda, na katika darasa la kwanza sayansi ndiyo iliyopanda zaidi. Kwa hiyo anayesema vitabu ni mapambo tu hajatazama ushahidi.

Sasa njooni karibu zaidi, Busia na Teso, magharibi ya Kenya. Kuanzia mwaka 1996 shule 100 za msingi ziliingizwa katika utafiti, na 25 kati yake zikachaguliwa kwa bahati nasibu kupewa vitabu rasmi vya kiada. Watafiti walikuwa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Huyu Kremer ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Walitarajia alama zipande, kama mimi na wewe ambavyo tungetarajia. Kwa wastani hazikupanda. Ila walipowapanga watoto kwa alama walizokuwa nazo kabla ya vitabu kufika, waliona kwamba waliokuwa tayari juu walinufaika. Waliokuwa katikati na chini walibaki pale pale, kitabu mkononi. Sababu waliyoitaja sote tunaijua kwa kuiishi: kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na kiliandikwa kwa kumfikiria mtoto anayekwenda mbio.

Walimu wenzangu, tazameni kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Mtoto ametoka shule ya msingi ambako alijifunza kani, sumaku na nishati kwa Kiswahili. Wiki moja baadaye anafungua kitabu cha fizikia na ukurasa mzima ni Kiingereza. Maneno yenyewe mengine ni ya kawaida, mengine ni istilahi, na hana namna ya kujua lipi ni lipi. Akikwama, anafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: anakariri. Na anayekariri vizuri tunampa alama, kwa hiyo anaamini ndiko kusoma.

Lakini lugha ni nusu tu ya tatizo. Hata kitabu kingeandikwa chote kwa Kiswahili fasaha, ukurasa wa fizikia ungebaki mgumu kwa namna yake. Hadithi unaweza kuisoma kutoka juu hadi chini na ukaifurahia. Ukurasa wa fizikia una sentensi, una mlinganyo, una mchoro, na una namba zenye vizio, na kila kimoja kinasema jambo ambalo vingine havikusema. Mwandishi ameruka hatua kwa kuamini kwamba msomaji atazijaza mwenyewe. Asiyejua kwamba kuna hatua zilizorukwa hataona pengo. Atapita juu yake na kudhani ameelewa.

Hili lilichunguzwa kwa makini na Michelene Chi na wenzake, wakatoa matokeo mwaka 1989. Waliwachukua wanafunzi wachache wa chuo, wakawapa sura ya kitabu kuhusu sheria za Newton pamoja na mifano iliyokokotolewa, wakawaomba waseme kwa sauti kila kinachopita kichwani wakati wa kusoma mifano hiyo. Kisha wakawapa maswali. Waliofanya vizuri na waliofanya vibaya walikuwa wamesoma kurasa zile zile. Tofauti ilikuwa katika yale waliyosema wakiwa wanasoma. Waliofanya vizuri walijieleza kila mstari: kwa nini kani hii imeelekezwa huku, kwa nini hapa jumla ni sifuri, mstari huu umetoka wapi. Waliofanya vibaya waliurudia mstari kwa maneno yale yale, wakasonga mbele.

Na kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo ningependa kila mwalimu alibandike ukutani. Wanafunzi waliofanya vizuri ndio waliosema mara nyingi zaidi kwamba "hapa sijaelewa". Wale wengine hawakusema hivyo ila kwa nadra. Waliona kila kitu kiko sawa. Sasa fikirini darasani kwetu tunapouliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia, "Ndiyooo!" Ile sauti moja tunaipokea kama habari njema.

Nitoe mfano wa hatua zinazorukwa. Mzigo unaning'inia kwa kamba kwenye fundo, na fundo limeshikwa na kamba nyingine mbili zilizofungwa darini, kila moja kwa pembe yake. Kitabu kinaandika kwa utulivu kabisa kwamba tulichukue fundo kuwa ndilo kitu tunachokichunguza. Halafu mlinganyo unafuata. Lakini kwa nini fundo? Kwa nini si mzigo? Mwanafunzi anayepita hapo bila kuuliza ataweza kukopi mfano huo na kubadilisha namba, basi. Anayesimama na kuuliza atagundua kwamba kani zote tatu zinakutana pale kwenye fundo, na kwa kuwa fundo halisogei, jumla yake ni sifuri. Angeuchagua mzigo angepata kamba moja tu na uzito, na mvutano wa kamba mbili za juu usingeonekana popote. Swali moja, "kwa nini fundo?", limemfundisha mtoto namna ya kuchagua kitu cha kuchunguza katika kila swali la kani atakalokutana nalo maishani. Kitabu hakikumwuliza. Ni lazima mtu amfundishe kuuliza.

Wapo watakaosema dawa ni mazoezi. Mtoto afanye maswali mengi ya mwisho wa sura, amalize mitihani ya NECTA ya miaka kumi, ataelewa tu. Mimi mwenyewe nawapa wanafunzi mazoezi, na nitaendelea kuwapa. Lakini mwaka 2002 Eunsook Kim na Sung-Jae Pak wa Seoul walichapisha utafiti ambao ungefaa utusumbue usingizi. Waliwachukua wanafunzi 27 wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, wakakadiria kila mmoja amefanya maswali mangapi ya fizikia kabla ya kuingia chuo. Aliyefanya machache alikuwa na kama 300. Aliyefanya mengi alikuwa na kama 2,900. Wastani ulikuwa kama 1,500 kwa kila mwanafunzi. Kisha wakawapima uelewa wa dhana za msingi za mwendo na kani. Dhana potofu zilikuwa bado zimo, na wingi wa maswali mtu aliyofanya haukuonyesha uhusiano wa maana na uelewa wake. Maswali elfu na zaidi, na bado mtu anaamini kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe na kani inayokisukuma upande kinakoelekea.

Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu swali la kawaida la kitabu hujibika bila kuigusa dhana. Unatazama umepewa nini, unatafuta kanuni yenye herufi hizo, unaingiza namba. Mtoto mwepesi wa aljebra atapata 10 kwa 10.

Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliliona hili kwa wanafunzi ambao hakuna atakayesema walikosa vitabu. Aliwapa jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani, yasiyo na hesabu hata moja, mambo ya aina hii: lori likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma lenzake kwa kani kubwa zaidi? Mwanafunzi mmoja akamwuliza: nijibu kwa jinsi ulivyotufundisha, au kwa jinsi ninavyofikiri mwenyewe kuhusu mambo haya? Lile swali lilimbadilisha Mazur ufundishaji wake wote. Na alichokifanya kinatuhusu moja kwa moja leo. Hakukitupa kitabu. Alikihamisha: wanafunzi wakisome kabla ya kipindi, na kipindi chenyewe kiwe cha maswali ya dhana ambayo kila mmoja anayajibu peke yake kwanza, kisha anabishana na jirani yake, kisha anajibu tena. Muda wa mwalimu ukaacha kutumika kusoma kwa sauti kilichokwisha kuchapishwa.

Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya kozi 62 za Marekani zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Kozi ambazo wanafunzi walishughulishwa namna hii zilipata maendeleo ya dhana yanayokaribia maradufu ya yale ya kozi za mwalimu kuongea na mwanafunzi kuandika. Vitabu vilikuwepo pande zote mbili.

Tuachane na takwimu kidogo. Nimekuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu, na beseni. Mnaijua picha hii. Imo katika vitabu vingi vya sekondari kwenye mada ya shinikizo la vimiminika. Kopo limetobolewa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, na maji yanaruka. Katika picha, la chini ndilo linalorusha mbali kuliko yote, na chini yake pameandikwa kwamba shinikizo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Chupa yangu nimeijaza hadi sentimita 24 kutoka kitako. Matundu yako sentimita 6, 12 na 18, nimeyatoboa kwa msumari uliopashwa moto, nimeyaziba kwa selotepu. Chupa imesimama mezani, na beseni liko usawa ule ule wa kitako chake. Nikivuta selotepu, maji ya tundu lipi yatafika mbali zaidi?

(Mikono ilinyooshwa. Wengi sana walichagua tundu la chini, wachache la juu, na walimu wawili wa nyuma walisema la kati. Selotepu ikavutwa, huku mwalimu mmoja akiongeza maji kwa juu ili usawa usishuke.)

Mmeona wenyewe. La kati ndilo lililoshinda, na maji ya juu na ya chini yameangukia karibu mahali pamoja. Hakuna mazingaombwe. Shinikizo kweli ni kubwa zaidi chini, na maji ya chini kweli yanatoka kwa kasi zaidi. Ila yako karibu na meza, yanaanguka kabla hayajapata muda wa kwenda mbali. Ya juu yana muda mrefu wa kuanguka lakini yanatoka polepole. Chukueni kalamu. Kasi ya kutoka ni kipeuo cha pili cha 2gd, d ikiwa kina cha tundu kutoka juu ya maji. Muda wa kuanguka ni kipeuo cha pili cha 2h/g, h ikiwa urefu wa tundu kutoka mezani. Zidisha, g inafutika, na umbali unabaki mara mbili ya kipeuo cha pili cha d mara h. Tundu la chini: 18 mara 6, ni 108. Tundu la juu: 6 mara 18, ni 108 vilevile. La kati: 12 mara 12, ni 144, ambayo inakupa sentimita 24 kamili, na yale mengine yanapata kama 21. Kwa chupa halisi maji hupungukiwa kidogo kwa sababu ya msuguano kwenye matundu, lakini mpangilio ni huo.

Sasa naipandisha chupa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na beseni naliacha pale pale chini. Tazameni: la chini ndilo linalokwenda mbali. Picha ya kitabu imekuwa kweli! Ukiinua chupa kwa kimo kisichopungua kimo cha maji yaliyomo, kila tundu la chini litalishinda la juu yake. Kitabu hakikuwa kimedanganya kuhusu shinikizo. Kilichora maji bila kutuambia yanaangukia wapi, na kizazi baada ya kizazi tumeinakili picha ile ubaoni tukiwa na matundu matatu na bila meza.

Mwanafunzi aliyepitia hapa amejifunza shinikizo, amejifunza mwendo wa kitu kilichorushwa, na amejifunza kwamba mchoro wa kitabu unaulizwa maswali. Gharama ni chupa iliyookotwa na msumari. Na bila kitabu somo hili lisingekuwepo, maana picha ndiyo iliyotupa kitu cha kubishania.

Katika nchi hii hatuna haki ya kusahau jambo hili, kwa sababu tuna Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo, akaogopa kuikosa, akaweka mchanganyiko wake wa maziwa ungali wa moto. Saa moja na nusu baadaye wake ulikuwa umeganda na wa mwenzake aliyeweka wa baridi ulikuwa bado haujaganda. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Miaka ilipita, akawa Mkwawa, Iringa. Mada ikawa sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaifanya kuwa utani wa kila siku.

Kisha Dr. Denis Osborne akaja pale Mkwawa kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Kijana akasimama: bika mbili zenye maji sawa, moja ya nyuzi 35, nyingine ya nyuzi 100, zikiwekwa kwenye jokofu, ile ya nyuzi 100 inaganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini alirudi Dar es Salaam na kulijaribu. Mwaka 1969 makala yao ya pamoja ilichapishwa katika jarida la Uingereza la elimu ya fizikia, na Mpemba wakati huo alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka.

Wanafizikia hawajaacha kubishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichunguza kwa uangalifu na kusema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha, kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, kwamba mfumo wa moto unaweza kweli kupoa haraka kuliko wa vuguvugu. Kwangu mimi hilo halipunguzi heshima ya kijana yule. Kitabu kilikuwa na sheria moja, ya kweli ndani ya mipaka yake, na darasa lilikisoma kana kwamba hakina mipaka. Yeye peke yake alikisoma akiwa na aiskrimu kichwani.

Basi tufanye nini Jumatatu asubuhi? Mimi naanza na jambo dogo: kipindi cha kusoma, ndani ya ratiba, mwalimu akiwepo. Vipindi viwili vilivyoungana ni dakika 80. Toa 20 kwa ukurasa mmoja tu. Kabla ya kuufungua, wanafunzi waandike utabiri wao wa swali moja ambalo ukurasa utalijibu. Halafu wausome na penseli mkononi. Kila mlinganyo usemwe kwa sentensi. Kila mchoro uchorwe upya kwenye daftari kitabu kikiwa kimefungwa, kisha ulinganishwe. Mfano uliokokotolewa usomwe mara moja, ufunikwe kwa karatasi, ufanywe mwanzo hadi mwisho. Pale mtu anapokwama ndipo penye hatua iliyorukwa, na hapo ndipo mwalimu anahitajika. Na kila mwanafunzi aandike angalau sentensi moja inayoanza na "sijaelewa kwa nini". Asiyekuwa nayo arudie ukurasa.

Vitabu ni vichache? Watoto wanne kwa kitabu kimoja wanaweza kufanya haya vizuri kuliko mmoja aliye peke yake, kwa sababu lazima waseme kwa sauti. Mmoja anasoma, mmoja anachora, mmoja anauliza, mmoja anajibu, kisha wanabadilishana. Kuhusu lugha, msimamo wangu ni huu: wasome kwa Kiingereza kwa sababu ndicho kilichoandikwa na ndicho watakachotahiniwa, lakini wabishane kwa Kiswahili. Mtoto hawezi kubishana kuhusu mchapuko kwa lugha ambayo hawezi kuombea maji. Akishamaliza ubishi na kuelewa, msaidie aandike jibu lake kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi.

Najua kinachokuja: silabasi haitamalizika. Nawaheshimu mnaosema hivyo kwa sababu mnapimwa kwa kuimaliza. Lakini hesabuni muda unaokwenda kwenye kunakili. Mwalimu anachukua notsi kutoka kitabuni, anaziandika ubaoni, mwanafunzi anaziandika daftarini, na kitabu chenye notsi zile zile kiko kwenye dawati au stoo. Hapo ndipo dakika zinapopotelea. Pale ambapo kitabu kipo, acheni kukinakili ubaoni. Ubao ubaki kwa michoro, kwa ubishi na kwa hatua zilizorukwa.

Kwa wanaoandika vitabu, na najua baadhi yenu mmekaa humu, nina maombi. Msimalize sura kwa maswali ya kuingiza namba peke yake. Tieni maswali ambayo hayana namba kabisa, ya lori na gari dogo. Kabla ya kutoa jibu la jaribio, mwachieni mwanafunzi mistari mitatu mitupu ya kutabiri. Taasisi ya Elimu Tanzania iliwahi kushirikiana na vyuo vikuu vya Dodoma, Aga Khan na Bristol kuandaa vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza chepesi na msaada wa Kiswahili. Ilikuwa kwa biolojia, hisabati na Kiingereza. Fizikia inastahili hivyo hivyo, na upesi. Na kwenye ile picha ya kopo, tafadhalini, choreni meza.

Kwenu wathibiti ubora, nina ombi moja. Mnapoingia darasani mnakagua azimio la kazi, andalio la somo na idadi ya vitabu kwa wanafunzi. Endeleeni. Lakini kabla hamjatoka, mchagueni mtoto yeyote wa safu ya nyuma, mwambieni afungue kitabu cha fizikia kwenye ukurasa uliokwisha kufundishwa, awaeleze mchoro mmoja kwa lugha anayoitaka, na awaambie ni kitu gani kwenye ukurasa huo bado hakijamwingia. Jibu lake liandikeni kwenye ripoti, karibu na ile idadi ya vitabu.

Asanteni sana. Chupa, msumari na beseni viko hapa mbele, na bado tuna nusu saa ya maswali.